Kengele

Barka, Julai, saa nane mchana.
Nje digrii arubaini na saba,
ndani kiyoyozi kinakohoa kama mzee wa shisha.
Kondoo wa Bi Thuwaiba amelala sakafuni,
tezi chini ya sikio imevimba, ndimu nzima.
Natoa kupe mmoja, natoa wa pili,
wa tatu namtumbua kwa bahati mbaya.

"Anakula vizuri," anasema, Kiswahili chake cha Wete
kimekaukia Batina. "Joto hili, nani hana homa?"

Sindano tezini. Tone juu ya kioo. Rangi ya zambarau.
Nainamia darubini.

Yumo.
Ndani ya chembe nyeupe, askari wa zamu.
Hakuvunja mlango, alibisha.
Kifuko alichofungiwa akakiyeyusha,
akajitanda nyuzi za mwenye nyumba kama shuka.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu siku ya tatu keshashika funguo.

Chembe ikielemewa ina adabu yake.
Hupiga kengele, hukunja mkeka,
hujifia kimya ili jirani wapone.
Sheria ya zamani kuliko mifupa.
Huyu ameifumbata kengele kiganjani.
"Tulia," anaiambia, "hakuna moto. Zaa."
Nayo inazaa,
naye anang'ang'ania kamba zile zile zinazoigawa,
nusu huku, nusu kule,
hakuna binti anayetoka bila yeye.

Ugonjwa nimeuzoea.
Kinachonitisha ni jinsi chembe ilivyonona,
isivyo na wasiwasi.

Friji ya chanjo, pale pembeni, ina king'ora.
Kililia wiki nzima, Biju akakibandika plasta.
Tangu hapo tunafanya kazi kwa raha.

Nikamdunga kondoo dawa, nyekundu kama maji ya komamanga.
Siku ya nne, kioo kipya:
mgeni amesinyaa, doa la wino mkavu.
Na zile chembe nono
zimekumbuka.
Moja moja zinakunja mkeka,
zinakatika vipande vidogo, nadhifu,
kana kwamba muda wote zilisimama kizingitini
zikingoja mtu atoe mkono.

Bi Thuwaiba anauliza, amepona?
Homa imeshuka, namjibu.
Simwambii kupona huku kumekula vifo vingapi.

Jioni, kabla ya kufunga, nikabandua plasta.
Friji: digrii kumi na nne.
King'ora kikalia hadi mlinzi akaja mbio,
kiatu kimoja mguuni.