Mizani

Mama alinifunza mizani kwa vidole:
nane kwa nane, na pumzi katikati.
Silabi ikizidi, mshororo unachechemea;
ikipungua, umelala na njaa.

Leo, Mkomani, ghorofa ya pili,
macho yake yana rangi ya binzari.
Vidonge vimewasaka wadudu mapafuni
kisha vikashuka kugonga mlango wa ini.
"Dawa yenu," anasema, "imezidi mizani."

Mizani yangu mimi iko maabara, nyuma ya hospitali.
Hupima hata pumzi yangu
nikisahau kufunga kioo.
Mama sikuwahi kumpima.

Jumanne tukaketi watu wasiozoeana:
Daktari Famau, aliyelisoma ini miaka tisa;
Shekue wa takwimu, hajagusa mgonjwa hata mmoja
ila anawajua mia mbili kwa nambari;
Bi Mwanaesha wa Langoni, muuza shubiri,
amekalia ncha ya kiti kama aliyeitwa polisi;
na Lali, tabibu wa punda.

"Huyu naye?" Famau akauliza.

Lali hakukasirika.
"Punda wa kubeba mawe na punda aliyekonda,
nyinyi mnawapa sawa?"

Feni ikazunguka.
Faili la mama limeandikwa kilo hamsini na mbili.
Hizo ni za mwaka juzi.
Asubuhi ile nilimpandisha juu ya mizani, na khanga zake:
thelathini na nane.

Ndipo Bi Mwanaesha akakohoa.
"Hunituma shubiri kila Ijumaa. Ya kusafisha damu.
Hakuna aliyeniuliza."
Shekue akapekua jedwali lake, safu baada ya safu.
"Hiyo," akasema polepole, "sikuiwekea nafasi."

Tukasimamisha vyote. Shubiri pia.
Siku kumi na moja wadudu walipumzika nasi,
na hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Kisha kidonge kimoja. Damu. Tukangoja.
Cha pili, nusu. Damu tena.
Famau sasa humpigia Lali simu
na kujifanya anauliza habari za punda.

Sijui kama tumepatia.
Usiku wa jana alikohoa mara nne, nilihesabu.
Alfajiri weupe ulikuwa umeanza kurudi
kwenye pembe ya jicho la kushoto, mwembamba kama ukucha.

"Nisomee ulichoandika," akaniambia.
Nikamsomea. Vidole vikahesabu juu ya shuka.
"Hapa pamezidi."

Najua, mama.
Bado napima.