Yai la Firmin

Mama alikuwa na methali kama wengine walivyo na kikohozi:
zilimtoka bila kuombwa, hasa asubuhi,
hasa jikoni, mkate ukingali moto.
"Aprili, usivue hata uzi mmoja,"
nasi tukaenda shule tukivuja jasho ndani ya sufu,
watoto wa mwalimu wakicheza mikono wazi.

Mezani kwetu mkate haukulazwa kifudifudi.
Zamani, alisema, hivyo ndivyo waokaji
walivyomwekea mnyongaji wa mji mkate wake,
na anayeugeuza anamkaribisha.
Kwenye kalenda ya mleta barua, penye msumari,
alizungushia penseli watakatifu watatu wa barafu,
wale wa Mei, wauao maua ya maharagwe.

Kisha ukaja mwaka wa yai.
Yai moja la yule kuku mwekundu,
halimo kikapuni,
na ganda lake limo mfukoni mwa Firmin.
Miaka kumi na miwili. Hakukana.
Mama akaweka kisu chini, akatamka
kile bibi zake wote walichotamka kabla yake:
"Aibaye yai ataiba ng'ombe."
Basi. Hakumpiga.
Heri angempiga.

Alama ya fimbo hufifia. Neno lile lilitoka nje,
likavaa viatu, likazunguka Montchalard nzima.
Sabuni ikipungua dukani kwa Bi Hortense,
macho kwa Firmin.
Baiskeli ya kasisi ilipopotea
(ilikuwa mtoni; kasisi alikuwa amelewa)
macho kwa Firmin.
Alipotimiza kumi na saba akapanda treni ya Clermont.
"Jiwe libingirikalo halishiki kuvumwani,"
alisema Mama, akafunga dirisha.
Sijui ni nani aliyewahi kuhitaji kuvumwani.

Miaka ishirini na sita. Kadi mbili.
Ya pili ilitoka Saint-Nazaire, kwenye karakana za meli:
"Mzima. Nachomelea vyuma. Solange, mtunze."

Mwaka huu, Novemba ishirini na tano,
siku ya Mtakatifu Katerina, ambapo, wasema,
kila mti hushika mizizi,
Mama, mwenye themanini na moja,
akanituma nichimbe shimo la mpeasi.
"Mapeasi yake utayala lini?" nikamuuliza.
Hakujibu kwa methali.
Hilo ndilo lililonitisha.

Firmin alishuka basi la saa sita. Mimi ndiye niliyemwandikia
kwamba Mama anasahau gesi.
Mvi zimemwingia, mikono ina makovu ya cheche.
Akaushika mche wima, mimi nikarudishia udongo,
hatukusema kitu; udongo ulikuwa na mawe mengi.

Mama akaingia ndani, akatoka
na kitu kimoja ndani ya aproni, kinafuka mvuke.
"Lile yai," akasema. "Ulimpa nani?"
"Blandine. Mama yake alikuwa amelazwa.
Siku mbili hakuwa amekula."

Miaka thelathini na mmoja.
Hata mimi sikuwahi kuuliza.

Akalimenya polepole, maganda yakianguka
juu ya udongo mbichi wa mpeasi.
Akafungua kinywa kama siku zile,
nasi tukasimama wima, kwa mazoea,
kungoja methali.

"Nimesahau chumvi," akasema.

Firmin akaenda kuileta.
Bado alijua inakaa rafu gani.