Lugha ya Mbwa

Mama aliniachia vitu vitatu:
jiko la chuma lenye mguu mmoja wa tofali,
deni la unga dukani kwa Zinaida,
na sanduku la gome jeupe la mti
ambamo mabibi watano wa mbao wamelala
kichwa kwa miguu, kama samaki wa kukaushwa.

Wawili wana macho ya shaba.
Mmoja hana macho; panya walinitangulia.
Wamevaa gauni juu ya gauni,
kila kizazi kilishona lake bila kuvua la zamani,
hata ukiwabonyeza huupati mti,
unapata nguo tu, nguo na moshi.

Sanduku lingekuwa la Prokopi, kitinda mimba wetu,
ndiyo desturi. Lakini Prokopi aliuamini mto
mwezi ambao barafu bado ni utando wa maziwa,
na mto haukumrudisha,
wala pikipiki.

Waketi, ndivyo tuitwavyo. Waketi wasioketi.
Barafu ya Yenisei ikivunjika walipanda mashua zilizoezekwa
kwa magome yaliyochemshwa hadi yakalainika kama ngozi.
Mbwa walizivuta kwa kamba, wakitembea ukingoni,
na ndani watoto, moto, masufuria, mabibi.
Baridi ikirudi, kila ukoo ulifuata kindi wake msituni.
Dubu hakuuawa hivi hivi:
aliulizwa yeye ni babu wa nani,
akaombwa radhi, akawekewa chakula.

Na Mama wa Kusini, alisema mama,
kila Mei husimama juu ya mwamba
akikung'uta mikono ya kanzu yake;
manyoya yanayodondoka ndiyo mabata bukini.
Nilimuuliza: huko kusini kuna nini?
Akasema: mikono ya kanzu.

Kisha tukaketishwa.

Nyumba kumi na nane, mstari mmoja,
namba milangoni kwa rangi ya bluu.
Paa la mashua yetu likawa banda la kuku
ambao hawakumaliza Novemba.
Nikiwa na miaka saba helikopta ilitua kwenye viazi
ikatuzoa, tukiwa na matapishi vifuani, hadi bwenini.
Mwalimu Rimma Arkadievna alikuwa na rula na moyo mzuri;
alivitumia vyote viwili.
Neno moja la nyumbani, kiganja kimoja.

Niliporudi nimefikia kifua cha mlango
mama aliniuliza jambo, refu, lenye mteremko mwishoni.
Nikamjibu kwa lugha ya redio.
Tukacheka, kama wacheka wageni.
Tangu hapo tulizungumza kwa birika:
akilisogeza, nimesamehewa.

Maneno yaliyonibakia ni ya mbwa,
kwa sababu mbwa hawakupelekwa shule.
Njoo. Shuka. Acha. Kula. Lala. Mwizi wewe.
Alikuja kijana wa sensa, buti mpya, kalamu imeganda,
akauliza kama naijua lugha ya wazazi:
vizuri, kiasi, au hapana?
Nikamwambia, andika kiasi cha mbwa.
Alitabasamu. Aliandika hapana.

Leo ni siku ya arobaini.
Nimewatoa mabibi, nimewapanga karibu na jiko,
nimewapaka mafuta ya samaki midomoni
pale ambapo midomo ingekuwa.
Hapa ndipo mama alipokuwa akinong'ona.
Nilimsikia kila vuli nyuma ya pazia,
maji yanayopita chini ya barafu,
wala sikuamka hata mara moja kumwuliza.

Wananitazama, wenye macho.
Jiko linapasua kuni. Sina kitu.

Basi nikasema nilichonacho.
Njoo, nikasema. Kula.
Nikasema, mwizi wewe, taratibu,
kwa yule aliyeliwa na panya.
Lala.

Nje minyororo ikasikika juu ya theluji.
Burani na wanawe wawili wakaja hadi mlangoni,
wakaketi,
wakanisubiri nimalize.