Nimeomba Saa Tu

Ghala la Taibali, Shimanzi, saa nne usiku.
Juu ya ofisi ya karani kuna chumba cha mabati,
na ndani yake seva kuukuu niliyoifuta jana
ikabaki tupu kama sinia baada ya futari.
Kazi yake ndogo: ipokee uzito wa magunia ya chai
kutoka mizani ya mlangoni, iuandike, inyamaze.
Haina skrini. Haina spika. Haina wa kumpambia.

Nikaiomba kitu kimoja, kijiprogramu cha kurekebisha saa,
maana saa yake huchelewa dakika tatu kila siku.
Ikajibu: pamoja na hicho vitaingia vingine themanini na saba.
Waafiki? N au H.

Themanini na saba!
Kuna wa kuchapisha, na hapa hakuna printa.
Kuna wa sauti, apige zumari chumbani
pasipo sikio ila langu.
Kuna mwenye herufi za Kitamil, na wa posta
aliye tayari kupeleka barua, sijui kwa nani.
Kuna anayebisha hodi kutafuta majirani
kwenye waya mmoja usio na jirani.
Kila mmoja anamwonyesha mwenzake: nimekuja na huyu,
huyu kaja na yule, yule halali bila mto wake.
Hodi ilikuwa ya mtu mmoja;
nafungua, viatu vimejaa mpaka ngazini.

H.

Nikasoma upya, taratibu, kwa bando langu mwenyewe,
nikaona mashine hutenga maneno mawili:
kinachohitajika, na kinachopendekezwa.
Vilivyohitajika vilikuwa vitatu.
Waliobaki kawapendekeza mtu fulani
aketiye penye baridi na stima isiyokatika.
Nikazima mapendekezo. Vitatu vikaingia, vikakaa.

Lakini jioni, kwa njaa, nilishabonyeza N mara moja,
kisha nikakifuta nilichokitaka
na wafuasi wake thelathini na tisa wakasalia.
Mashine ina jina lao.
Ondoa yatima? N au H.

Ndoro, mlinzi, akapanda na kahawa ya tangawizi.
"Bado tu, Nyamvula?"
Bado. Kidole kimesimama hewani.

Shangazi Mwanakombo alipoolewa Kibokoni
mahari yalitajwa, kitanda kikatajwa,
hata kabati la vyombo na vioo vyake viwili.
Mimi sikutajwa.
Nilifika nimekalia mzigo wa mikeka,
miaka sita, macho mekundu ya tongo.
Mume akahesabu mizigo mlangoni. Na huyu?
"Kaja na mimi," akasema shangazi, akapita.
Miaka kumi na mitatu nilikula wali wa nyumba ile
na hakuna chochote humo kilichonihitaji.

Kahawa ikapoa. Chuma si nyumba, nikajiambia.
N.
Sekunde nne, wote thelathini na tisa wameondoka,
na seva ikasoma saa tano na dakika sita, sawasawa.

Nikampigia shangazi. Hakuniuliza habari za kazi.
Kuna mtoto wa Lunga Lunga, akasema, kapata chuo,
anafika kesho, hana pa kulala.
"Peke yake?"
Akakohoa kidogo.
"Ana mdogo wake."

Mlango wangu wa Mikindani
haujafunzwa kuuliza N au H.