Piga Hodi

Chumba changu kiko Kibokoni, ghorofa ya chini,
mlango wa pili ukishampita Bi Mwanatumu wa mbaazi.
Kodi nalipa mwenyewe. Ufunguo uko shingoni.
Mama yuko Kisauni, na kila saa tatu usiku simu:
Umefunga?
Nimefunga. Na kufungua najua.

Kizingiti kilikuwa na kimo cha kopo la maziwa ya unga.
Fundi Kitsao alikimiminia zege siku ya Alhamisi,
akashika mwiko akaniuliza: Mteremko uanzie wapi?
Miaka thelathini na nne,
na hilo ndilo swali la kwanza.

Lakini wewe, kaka wa kanzu ya pasi,
umetoka msikitini na haraka ya thawabu,
umeshika vishikio vya nyuma, neno hujasema,
wanisukuma kuelekea Makadara
nami safari yangu ilikuwa Marikiti, pilipili tu.

Hebu achilia.
Kiti hiki kina kuta, kina dari, kina mwenyewe.
Njoo huku mbele nikuone uso.
Piga hodi.
Huenda nikasema karibu.
Huenda nikasema leo sipo.