Kinyumenyume

Hakuna gurudumu hapa.
Chungu kimesimama juu ya mtungi uliopinduliwa,
hakisogei. Anayezunguka ni Mama Lài,
kinyumenyume, ameinama, kiganja ndani, kiganja nje,
kisigino kikitafuta njia kinayoijua kuliko macho.
Ua wote umechorwa duara na nyayo zake.

Nimetoka mbali. Ndege tatu,
basi la usiku kutoka Saigon, pikipiki ya kijana aitwaye Tín
aliyenitoza mara mbili, akacheka, akarudisha nusu.
Nilidhani mimi ndiye msafiri.
Kisha nikapiga hesabu nyuma ya tiketi:
hatua mia mbili kwa mtungi, mitungi minane kwa siku,
tangu ana miaka kumi na mitatu,
na sasa magoti yote mawili yanalia kama bawaba.
Hesabu ikanishinda. Nikaikunja tiketi.

Udongo huchimbwa kando ya Mto Quao
mpunga ukishavunwa na shamba likapumzika.
Huchanganywa na mchanga, kwa miguu.
Diễm, mpwa wake, anaukanyaga huku anasoma simu.
"Uwahi," nikamwambia kwa Kiswahili, "ungali maji."
Akajibu kwa Kicham, sentensi ndefu,
na hapakuwa na mkalimani.

Mchana tukala. Kwetu husema mfinyanzi hulia gaeni.
Nikachungulia: bakuli lake ni la plastiki,
la waridi, lina picha ya paka.
Wali, samaki mdogo, pilipili iliyonitoa machozi,
na vyungu vizima, ukutani, vikitutazama tukila.

Alasiri akanipa donge.
Nikazunguka. Raundi ya tatu kichwa kikawa pia,
nikamkanyaga kuku,
chungu kikaegemea upande kama mlevi anayesikiliza siri.
Hakukinyoosha.
Akakipangusa mdomo kwa kitambaa kibichi, mara moja,
akakianika pamoja na vyake.

Moto wao hauna tanuru.
Kuni, vyungu, mabua ya mpunga, halafu upepo.
Vingali vyekundu akavinyunyizia maji ya matunda ya porini;
vikafoka, vikatoka na madoa meusi,
hakuna viwili vilivyopata doa moja.
Akavigonga kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja,
sikio chini:
hiki ndiyo. Hiki ndiyo. Hiki, hapana.
Changu alikigonga mara mbili.
Kikasema *tu*.
Akanitazama kama mtu anayeleta habari za msiba.

Nilinunua mtungi wake, nikaufunga ndani ya shati.
Kile changu sikukibeba.
Tín hunitumia picha mara mojamoja:
kipo uani, nje kidogo ya duara,
kinavuja polepole,
na kuku, kila asubuhi,
wanayawahi maji.