Tangu Kanisani

Jawa ya baba, ya mwaka sabini na nne,
breki zake zilikuwa ngoma na maombi:
ukitaka kusimama langoni petu
uanze kushika tangu kanisani.

Kipupwe hiki Dalibor kaing'oa miguu ya mbele.
Kaleta shokapu za Yamaha iliyogonga mti njia ya Poprad,
na diski mbili zenye kutu kidogo.
Shina la usukani likapwaya, milimita tatu.
Mzee Hruška akachonga bushi kwenye mashine yake ya kukereza,
ujira wake chupa ya pombe ya plamu
na ruhusa ya kuwatukana Wajapani mchana kutwa.

Mama alisimama mlangoni, hakusema neno.
Akaokota springi ya zamani, akaifuta kwa aproni,
akaondoka nayo.

Leo theluji imeyeyuka.
Tuliisikia pikipiki ikishuka mlima,
ikapita duka la Hudec,
ikafika kanisani,
kimya.

Mkono ulikumbuka; breki hazikuambiwa.
Akanasa pale pale, mbele ya mlango wa kanisa,
mguu chini, kama aliyeitwa jina.

Mita mia mbili zilizobaki
aliisukuma.